Mgeni wa Kamera Aje, na Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba isiyokuwa na kitoweo juma zima hupata kitoweo siku anapobisha hodi mgeni, na watoto wa nyumba hiyo hula pamoja naye. Lakini katika nchi yetu yupo mgeni ambaye tumemkaribisha kwa miaka mingi, na bado kuja kwake hakujamponya sawasawa mwenyeji anayekaa karibu kabisa na njia anayopita. Mgeni huyo haji na bunduki, wala haji kununua pembe. Huja na kamera.

Wala tusidhani kwamba kila mwenye kamera ni mtu wa magazeti au wa sinema. Wengi wao ni wapiga picha wa ridhaa: mwalimu, daktari, karani, fundi aliyestaafu, ambaye kwao hupiga picha kwa mapenzi tu, na ambaye ameweka akiba miaka kadhaa ili aione Serengeti kwa macho yake mara moja katika maisha. Mtu wa namna hii hatosheki na kupitishwa mbio katika gari. Hutaka mwongozaji wa kumpeleka mahali pazuri kwa saa inayofaa, amweleze atakachokiona kabla hakijatokea, na amsubirie. Ziara hizi za kuwaongoza wapiga picha wa ridhaa zimekuwa kazi kamili yenye wataalamu wake na bei yake.

Leo tunataka kuizungumza kazi hiyo kwa kuangalia eneo moja, Nyambureti, katika upande ule wa Mkoa wa Mara ambako wilaya za Tarime na Serengeti zinakaribiana. Na ndugu zetu wa visiwani wasije wakafunua ukurasa wakidhani habari hii ni ya watu wa nyika peke yao. Mto Mara unaoanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, ukapita katika nyika za nyumbu na kuteremka kati ya wilaya hizo, ndio huo huo unaomwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Tunakunywa maji mamoja, na shauri hili ni moja.

KAMERA NA BUNDUKI

Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kwao kitabu cha picha za wanyama alizozipiga katika nchi hii, nyingine usiku kwa mwanga wa unga uliolipuliwa. Watu wengi wa Ulaya walimwona kwa mara ya kwanza mnyama wa Afrika akiwa kwake, si ndani ya kizimba. Lakini Schillings alikuwa mwindaji pia, na bunduki yake ilisafiri pamoja na kamera yake. Vyombo vyake vilikuwa vizito, na vilibebwa na wapagazi. Kitabu kilimpatia yeye sifa. Waliobeba mizigo ile vichwani, na waliomwonyesha nyayo na mahali pa kunywea wanyama, sifa ile haikuwafikia.

Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitangaza Serengeti duniani kote kwa filamu yao. Walizunguka angani katika ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kupiga picha. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari mwaka huo huo, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Hatuwezi kuudharau mchango wao. Lakini tangu hapo dunia imezoea kuiona Serengeti kama nchi ya wanyama watupu, isiyo na mkulima, isiyo na mchungaji, isiyo na mtoto anayekwenda shule. Katika mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakahamishiwa huko.

Taifa huru lilifuata njia yake. Mwezi Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha juu ya wanyama pori, Mwalimu Nyerere alitoa tamko kwamba viumbe hao ni dhamana kwa wananchi na kwa vizazi vijavyo. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji nchini, ukaruhusiwa tena mwaka 1978. Mwaka 1981 Serengeti iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1994 mapori ya Ikorongo na Grumeti, yanayopakana na hifadhi upande wa magharibi, yalipandishwa kuwa mapori ya akiba. Hatua hizi zilimlinda mnyama, lakini kila moja ilimsogezea pia mwanakijiji mpaka karibu na mlango wake.

KAZI YA MWONGOZAJI

Wapo wanaodhani kwamba kumwongoza mpiga picha ni kuendesha gari tu. Sivyo. Mpiga picha hula mwanga kama ng'ombe alavyo majani. Mwanga mzuri ni ule wa asubuhi, tangu jua linapochomoza hadi kiasi cha saa tatu, na ule wa alasiri, tangu saa kumi hadi jua linapozama. Katikati ya mchana jua huwa la utosi, vivuli huwa vyeusi, na ngozi ya simba hugeuka kuwa kama karatasi. Mwongozaji asiyelijua hilo huwaamsha wageni saa mbili, huwafikisha kwa wanyama saa tano, kisha hushangaa kwa nini wamenuna.

Mwongozaji hodari hulisimamisha gari jua likiwa nyuma ya mgeni, na huzima injini, kwa sababu mtetemo wa gari huharibu picha. Humpa mgeni mfuko mdogo uliojazwa maharage au mchele, ili aulaze dirishani na kuegemeza lenzi ndefu juu yake. Hapakii watu saba katika gari la watu wanne, maana kila mwenye kamera anahitaji dirisha lake.

Lakini hayo yote yanaweza kufundishwa kwa mwezi mmoja. Jambo lisilofundishwa kwa mwezi mmoja ni kumsoma mnyama. Kujua kwamba swala walioelekeza masikio upande mmoja wameona kitu ambacho sisi hatujakiona. Kwamba tumbusi wanaoshuka moja kwa moja, bila kuzunguka, wameona mzoga. Kwamba nyumbu waliojaa ukingoni wanaweza kusimama nusu siku na wasivuke, kisha mmoja akajitosa na maelfu wakamfuata. Kujua kwamba nyumbu, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, huzaa katika nyika za kusini karibu na Ndutu kati ya Januari na Machi, hupita upande wa Grumeti kuanzia mwezi wa tano, na hufika Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Mgeni aliyepotoshwa juu ya mwezi hurudi kwao na picha za majani.

Sasa tuulize: elimu hii ya kumsoma mnyama iko wapi? Imo vichwani mwa watu wa nchi hii. Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata wameishi na wanyama hawa tangu enzi za mababu. Mchungaji wa miaka kumi na miwili anajua upepo unakovuma kabla hajajua kuandika jina lake. Mzee aliyekuwa mwindaji anajua njia za pofu na nyamera kuliko ramani yoyote. Elimu hiyo hiyo, ikitumiwa na mwanakijiji kutafuta kitoweo, humpeleka gerezani. Ikiuzwa na kampuni kwa mgeni, huitwa utaalamu na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Hatusemi sheria ilegezwe, maana ujangili ni wizi wa mali ya wananchi wote. Tunasema pawepo na mlango halali ambao elimu hiyo inaweza kupitia.

NYAMBURETI IKO WAPI KATIKA HESABU HII

Mwananchi wa upande huu ni mkulima na mfugaji. Hulima mahindi, mtama, ulezi na mihogo, na hufuga ng'ombe. Katika wilaya hii tembo hawaujui mpaka uliochorwa katika ramani. Huingia mashambani mazao yanapokomaa, na kazi ya miezi sita huweza kuliwa kwa usiku mmoja. Wanaume hukesha na tochi na madebe, watoto huchelewa shule kwa usingizi, na akina mama huogopa kwenda kisimani alfajiri. Tembo yule yule aliyelala akishiba mahindi ya mtu ndiye anayepigwa picha kesho yake na mgeni aliyefurahi. Mgeni hana kosa, hakuambiwa. Picha yake haionyeshi gharama iliyolipwa usiku ule, wala ni nani aliyeilipa.

Vipo vijiji vya wilaya ya Serengeti vilivyopata njia. Robanda, Makundusi, Natta Mbiso na wenzao, vijiji vitano kwa jumla, viliungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, kwa mujibu wa sera ya mwaka 1998 iliyoruhusu vijiji kutenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama na kushiriki katika mapato. Kambi za watalii wa picha zipo katika eneo lao. Mipango hiyo ina lawama zake, hasa juu ya mgawanyo wa fedha na uwazi wa hesabu, lakini angalau kijiji kina kiti mezani.

Nyambureti haimo katika jumuiya hiyo, wala si kila kijiji kinaweza kutenga ardhi. Penye wakulima wengi na malisho machache, kumwambia mwananchi aache shamba lake liwe pori ni kumwonea. Lakini kijiji kisichokuwa na ardhi ya kutenga kina vijana. Mwongozaji hahitaji ekari hata moja; anahitaji macho, lugha, adabu, mafunzo na leseni. Shauri letu katika safu hii ndilo hilo: kijiji kisicho na lango la hifadhi kinaweza kupata riziki yake katika mtu anayeongoza kamera.

VISIWA NAVYO

Yanayosemwa juu ya Nyambureti yanasemwa pia juu ya Ukerewe, Ukara, Irugwa na Rukuba. Mpiga picha wa ridhaa aliyeshiba simba hutafuta kitu kingine. Akifika ziwani atamwona furukombe akikwapua samaki juu ya maji, mdiria akining'inia hewani kabla ya kujitosa, mnandi akianika mbawa juu ya mwamba. Akienda Ukara atalikuta lile jiwe mashuhuri linalocheza. Usiku usio na mbalamwezi ataona taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai na siku hizi za umeme wa jua, zimepangika juu ya ziwa kama mji. Rubondo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, nayo ina nzohe na sokwe, ambao wazee wao walitolewa Ulaya na kuachwa huru kisiwani kati ya mwaka 1966 na 1969. Saanane, iliyo hatua chache kutoka Mwanza, ilipewa hadhi hiyo mwaka 2013.

Nani atamwongoza mgeni katika maji hayo? Ni mvuvi. Yeye ndiye ajuaye upepo hugeuka saa ngapi na ndege hutua mwamba upi. Wanaodhani kwamba mvuvi hawezi kuwa mwongozaji waende Zanzibar. Katika kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalihifadhiwa kisheria mwaka 1994, wavuvi walifundishwa wakawa walinzi na waongozaji, na wanaeleza habari za matumbawe kwa wageni na kwa watoto wa shule. Huko Jozani, Unguja, wakulima walikuwa wakiwaona kima punju kama maadui wa mazao yao. Leo kima huyo ni miongoni mwa wanyama wanaopigwa picha sana Visiwani, na sehemu ya mapato ya wageni huvifikia vijiji vinavyouzunguka msitu. Uhasama haukwisha kwa mahubiri. Ulipungua kima alipoanza kulipa kodi ya chakula chake.

ADABU YA KAMERA

Hata hivyo, kamera isiyo na adabu ni hasara. Mwezi Julai 2025 zilienea picha za video kutoka Kogatende, kando ya Mto Mara, zikionyesha watalii walioshuka katika magari na kusogea ukingoni wakati nyumbu wakijaribu kuvuka. Shirika la Hifadhi za Taifa lililazimika kutoa tamko juu ya jambo hilo. Aibu ile haikuwa ya wageni peke yao. Kila gari lilikuwa na dereva, na kila kundi lilipaswa kuwa na mtu wa kusema hapana. Mwongozaji anayeogopa kukosa bahshishi hawezi kusema hapana. Lakini mwongozaji ambaye nyumbu huyo ndiye ada ya shule ya mwanawe, mwaka huu na mwaka ujao, atasema.

Adabu hiyo iwahusu na watu. Mwanakijiji si nyumbu. Mama anayetwanga, mzee aliyekaa kivulini, vijana walio katika sherehe za jando, wote wana haki ya kuulizwa kabla ya kupigwa picha na haki ya kukataa. Mwongozaji mwenyeji anajua lipi ni la kuonyeshwa na lipi ni la ukoo. Na yule aliyekubali kupigwa picha asiachwe mikono mitupu. Si lazima iwe fedha. Nakala ya picha yenyewe, ikiletwa na mwongozaji, hutundikwa ukutani na kukaa miaka mingi.

PINGAMIZI NA MAJIBU

Wapo watakaosema kwamba utalii ni mti wa matawi makavu. Hawakukosea sana. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, upande wa kaskazini wa Serengeti uliona msimu mbaya. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 uliposimamisha ndege duniani, kambi zilifungwa na waongozaji wengi wakarudi kijijini kushika jembe. Kwa sababu hiyo hatumshauri mtu yeyote wa Nyambureti auze ng'ombe wake anunue kamera, wala mvuvi wa Ukara atupe nyavu zake. Kazi hii iwe mkono wa pili kwa mkulima na kwa mvuvi. Aliye na shamba hatakufa njaa mgeni asipokuja.

Wengine watasema kwamba wageni wa kigeni wanazo kampuni zao na hawatamtafuta kijana wa kijiji. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tumesahau kwamba wapiga picha wa ridhaa wapo na hapa kwetu. Tangu filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akiwa mwongozaji wa mgeni, hamu ya wananchi kuiona nchi yao imesikika kila mahali. Walimu wa Musoma, wauguzi wa Mwanza, wanafunzi wa vyuo, wote wana kamera katika simu zao, na kiingilio cha raia katika hifadhi ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Wanachokosa ni ziara ya bei nafuu na mtu wa kuwaongoza kwa Kiswahili.

YANAYOPASA KUFANYWA

Maneno yasiyo na shauri ni kelele, nasi tunapenda kutoa ushauri wetu kwa heshima zote.

Kwa Wizara ya Maliasili na Utalii: iwepo leseni ya mwongozaji wa kijiji, yenye ada ambayo mtoto wa mkulima anaweza kuilipa, na mtihani ambao unaweza kufanywa kwa Kiswahili. Asiyejua lugha ya kigeni bado anaweza kuwaongoza wananchi wenzake, na ataijifunza lugha hiyo akiwa kazini. Kanda hii ina chuo chake cha wanyamapori cha Pasiansi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1966. Kozi fupi ya miezi michache, ya kuongoza wapiga picha, si jambo gumu kwa chuo chenye uzoefu kama huo.

Kwa halmashauri za Serengeti, Tarime na Ukerewe: kila kampuni inayoomba kuendesha shughuli zake katika eneo lenu iulizwe ina waongozaji wangapi waliozaliwa humo, na jibu liandikwe. Shule za sekondari zipatiwe kamera chache na walimu wa kuzifundisha, kwa maana mwongozaji ambaye hajawahi kushika kamera ni kama mpishi ambaye hajawahi kuonja chumvi.

Kwa serikali za vijiji: Sheria ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa imeupa mkutano wa kijiji heshima yake. Fedha yoyote ya wageni inayoingia katika mfuko wa kijiji isomwe mbele ya mkutano huo, shilingi kwa shilingi, na sehemu yake iende kwa wale waliopoteza mazao. Wananchi huvumilia umaskini kuliko wanavyovumilia hesabu za kufichwa.

Kwa vijana wa Nyambureti na wa visiwani: elimu ya wazee wenu haijapitwa na wakati. Kaeni nao, waulizeni majina ya miti, ya ndege na ya pepo, muyaandike. Siku mgeni atakapouliza yule ni ndege gani, asiwe yeye anayewajibu ninyi kutoka kitabuni mwake.

Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu wapagazi walipoibeba kamera ya Schillings bila majina yao kujulikana. Wajukuu wa nchi hii hawapaswi kuendelea kubeba kamera kwa namna ile. Serikali iwafungulie mlango, nao wapite mbele ya mgeni kama waongozaji, kwa majina yao na kwa ujira wao halali.